Umepata Kitu cha Kale Shambani Mwako? Mwongozo Kamili wa Sheria ya Kenya, Hatua kwa Hatua

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi huwa hivi: "Nilikuwa nachimba choo, nikapata sarafu za zamani na vipande vya vyungu. Nimeviosha vizuri, vimeng'aa. Nitampata wapi mnunuzi?"

Anayeandika hivyo si mwizi. Ni mwenye shamba anayeamini kwamba kilichomo ardhini mwake ni chake. Lakini katika ujumbe huo mfupi ameshakosea mara tatu: ameendelea kuchimba, ameosha, na sasa anatafuta wa kumuuzia. Kosa la kwanza na la pili haliwezi kurekebishwa tena. La tatu linaweza kumfikisha mahakamani.

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba, fundi wa msingi, mchimba kisima na mpangaji aliyepewa ploti alime. Unahusu Kenya pekee.

## Andaa vitu hivi kwanza

Karibu vyote unavyo nyumbani:

- simu yenye kamera na chaji ya kutosha
- daftari na kalamu ya risasi (wino hutapakaa ukilowa)
- futikamba, au kamba uliyoipima
- vigingi vinne na kamba ya kuzungushia
- turubai, au gunia safi na mawe ya kulikandamiza
- mifuko ya karatasi na kasha la kadibodi
- nakala ya kitambulisho chako na ya hati ya shamba, au barua ya chifu kama hati bado haijatoka

Mifuko ya plastiki iweke mbali. Kitu kilichokaa ardhini kina unyevu, na ukikifunga kwenye plastiki kinaota ukungu, na kama ni chuma kinaliwa na kutu kwa siku chache. Sabuni, siki, ndimu na brashi ya waya viache jikoni.

## Sheria inasema nini hasa

Sheria yenyewe ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Usome mwenyewe ukiweza, lakini mambo yanayowakwaza watu ni haya.

Kitu cha kale, kwa maana ya sheria hiyo, ni kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Masalia ya binadamu, wanyama na mimea yenye umri kama huo yamo pia.

Vitu vya kale vilivyolala ardhini ni mali ya serikali. Hati yako inakupa haki ya kulima, kujenga, kuuza na kurithisha shamba. Haikupi umiliki wa shanga zilizozikwa humo miaka mia saba iliyopita.

Kuvitafuta bila leseni ni kosa, hata kama ardhi ni yako. Na sheria haikutaja kuchimba tu. Imetaja pia shughuli za juu ya ardhi. Kwa hiyo kuzungukazunguka shambani na mashine ya kutambua chuma, ukitafuta malikale, kumo ndani ya katazo hilo.

Kukipata kwa bahati si kosa. Kukaa kimya ndilo kosa. Una siku saba za kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa, yaani shirika la serikali linalosimamia makumbusho na turathi.

Najua wengi wamejifunza mambo haya kwenye video za Uingereza, ambako mtu hutembea kwenye konde na mashine yake, akapata dhahabu, akalipwa. Kule kuna Sheria ya Hazina ya 1996: aliyepata hazina hutoa taarifa ndani ya siku 14, na makumbusho ikiichukua, zawadi kwa kawaida hugawanywa kati yake na mwenye shamba. Marekani nako, kitu kilichopatikana kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa kawaida ni cha mwenye ardhi. Hizo ni sheria za kwao. Ukizifuata ukiwa Kilifi au Nakuru, utakuwa unavunja sheria za hapa huku ukidhani unazitii.

## Hatua ya 1: Simamisha jembe

Mara uonapo kitu usichokielewa, kazi isimame pale pale. Usisubiri fundi "amalizie kidogo". Usikivute kitu kilichochomoza nusu.

Sababu ni hii. Kitu kinachoonekana kidogo mara nyingi ni ncha ya kikubwa. Mwaka 1984, kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe. Alijua la kufanya nacho. Pale pale palichimbuliwa mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, mojawapo ya masalia kamili zaidi ya binadamu wa kale yaliyowahi kupatikana. Kipande kile kingetupwa kando, pengine hakuna ambaye angerudi pale.

Tahadhari: mafundi wanaolipwa kwa futi hawapendi kusimama. Elewana nao mapema kwamba siku ya kusimama italipwa, hata kama ni nusu. Usipofanya hivyo, watafukia walichokiona na hutakijua kamwe.

Utajua umefaulu ikiwa kitu bado kimekaa palepale kilipoonekana na udongo uliokizunguka haujaguswa.

## Hatua ya 2: Jua umekutana na nini

Kuna mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake.

Mifupa ya binadamu. Nenda polisi kwanza, siku hiyo hiyo, na upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Wewe huwezi kujua kama mifupa ni ya miaka 20 au 2,000, na ikiwa ni ya juzi, hapo ni mahali pa uchunguzi wa jinai. Majirani wakikushauri mzike upya kimyakimya kwa heshima, wakatalie kwa upole. Polisi wakiona si jinai, ndipo Makavazi waitwe, na wazee wa eneo washirikishwe, maana huenda ni kaburi linalojulikana na ukoo fulani.

Risasi, maganda ya mizinga, au chuma kinachofanana na bomu. Watu wa Taita Taveta wanajua: mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalipita mashambani mwao, na kilima cha Salaita kilipiganiwa Februari 1916. Baruti haizeeki ikawa salama. Wakati mwingine huwa hatari zaidi. Usiokote, usigonge, usiwauzie wa vyuma chakavu. Waondoe watoto, weka alama kwa mbali, piga simu polisi.

Vingine vyote. Dalili za ukale ni nyingi: vigae vya vyungu, hasa vyenye rangi ya kijani au buluu na nyeupe inayong'aa, shanga za kioo, sarafu zenye tundu katikati, mawe meusi kama kioo yaliyochongwa kingo, ambayo ni mengi Bonde la Ufa, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha chuma) na udongo ulioungua pamoja, ukuta wa matumbawe na chokaa usioujua, mfupa mzito uliogeuka jiwe.

Tarehe si kazi yako. Ukiwa na shaka kama kitu ni cha kabla ya 1895, kichukulie kuwa ni cha kale na uendelee na hatua zinazofuata. Ofisa akikwambia ni chupa ya miaka ya hamsini, umepoteza siku moja tu.

## Hatua ya 3: Rekodi kabla ya kugusa

Hapa ndipo karibu kila mtu anashindwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kitu cha kale kina thamani kwa sababu ya mahali kilipolala. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda, Lamu, sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Kwa kuwa walijua ilitoka wapi, sarafu hiyo ni ushahidi wa biashara ya pwani yetu na ng'ambo. Ingefika Nairobi mfukoni mwa dalali, ingekuwa kipande cha chuma chenye tundu, na kila mtu angeuliza kama ni bandia.

Niliwahi kuitwa na jirani kaskazini mwa Mtwapa. Shimo lake la choo lilikuwa limefika kiunoni. Ukiliangalia kwa upande ungeona kama mkate wa tabaka: udongo mweusi kiasi cha shubiri moja, kisha mchanga wa kijivu uliojaa makombe, kisha mstari mwembamba wa majivu, na chini yake vigae. Lakini vigae vyenyewe havikuwa tena shimoni. Vilikuwa ndani ya karai, vimesuguliwa kwa sabuni ya unga, vyeupe pe. Kimoja tu kilikuwa kimesahaulika chini ya beleshi, na nje yake bado kulikuwa na masizi meusi ya mafiga. Masizi na mafuta yaliyonywewa na chungu ndivyo vinavyowawezesha wataalamu kujua chungu kilitumika lini, na kilipikiwa nini. Vile vilivyo ndani ya karai havikuwa na la kusema tena. Jirani yangu alifanya vile kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana kila ninapoandika juu ya jambo hili narudia: usioshe.

Fanya hivi:

1. Piga picha ya mbali, ionyeshe shimo zima pamoja na kitu kisichohama kama mti, nyumba au nguzo.
2. Piga picha ya katikati, ionyeshe ukuta wa shimo na tabaka za udongo.
3. Piga picha ya karibu, ukiwa umelaza futikamba au kalamu kando ya kitu ili ukubwa uonekane.
4. Pima kina kutoka usawa wa ardhi, na umbali kutoka vitu viwili visivyohama.
5. Fungua ramani ya simu ukiwa umesimama pale, uhifadhi mahali hapo.
6. Andika yote daftarini siku hiyo hiyo.

Maandishi ya kutosha ni kama haya: "Jumanne, saa nne asubuhi. Shimo la choo, upande wa mashariki. Mita 6 kutoka mwembe mkubwa, mita 11 kutoka pembe ya jikoni. Kina sentimita 85, chini ya mstari wa majivu. Vigae vinne na shanga moja ya bluu. Aliyeona kwanza ni fundi."

Utajua umefaulu ikiwa mtu ambaye hakuwahi kufika kwako anaweza, kwa daftari na picha zako, kusimama mahali penyewe na kuonyesha kwa kidole.

## Hatua ya 4: Funika, zungushia, nyamaza

Tandaza turubai au gunia juu ya kitu, kandamiza kwa mawe pembeni (si juu yake), kisha zungushia kamba. Mvua ikitishia, chimba mfereji mdogo wa kupitisha maji pembeni.

Kama kitu kimeshatoka ardhini kabla hujasoma haya, usikirudishe. Kiache na udongo wake, kitie kwenye mfuko wa karatasi, andika kwa nje tarehe, mahali na kina, kisha kiweke kashani, kivulini. Vitu vya shimo moja visichanganywe na vya jingine.

Usiposti picha kwenye makundi ya WhatsApp. Uvumi wa "dhahabu" ukishaanza kijijini, usiku wa kwanza tu watu watakuja na majembe, na asubuhi utakuta mashimo matano na ushahidi wako umegeuka kifusi.

## Hatua ya 5: Toa taarifa ndani ya siku saba

Zihesabu kutoka siku kitu kilipoonekana, si siku ulipopata nafasi.

Nenda kwenye ofisi ya Makavazi iliyo karibu nawe. Makao makuu yako Nairobi, na kuna vituo sehemu nyingi: Fort Jesus Mombasa, Gede, Malindi, Lamu, Kisumu, Kitale, Meru, Narok, Kabarnet, Hyrax Hill pale Nakuru. Ukiwa mbali na kituo, pitia kwa chifu au ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, na bado uwapelekee Makavazi barua. Maneno ya mdomo kwa chifu peke yake hayatakulinda mtu akidai baadaye kwamba ulificha.

Barua isiwe ndefu:

*KUH: TAARIFA YA KUPATIKANA KWA KITU CHA KALE*

*Mimi, (jina na nambari ya kitambulisho), mmiliki wa shamba nambari (…) lililoko (kijiji, kata, kaunti), natoa taarifa kwamba tarehe (…), tulipokuwa tukichimba (…), tulipata (maelezo mafupi). Kazi imesimamishwa na mahali pamefunikwa. Nimeambatisha picha na vipimo. Naomba mtaalamu atumwe, na nipewe maelekezo kuhusu kuendelea na kazi.*

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, usifute.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye muhuri na tarehe iliyo ndani ya siku saba.

## Hatua ya 6: Ukikabidhi kitu, pata maandishi

Sheria inataka kitu chenyewe kikabidhiwe, si habari zake tu. Lakini usikitie kwenye matatu ukaanza safari bila kuwasiliana nao. Kuhamisha kitu cha kale hata kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine ni jambo linalohitaji kibali, na trafiki akikukuta na kasha la sarafu za kale, maelezo yako yatasikika vibaya. Piga simu, uliza wanataka ulete au watakuja.

Siku ya kukabidhi, omba hati yenye idadi ya vitu, maelezo ya kila kimoja, jina na sahihi ya ofisa, na jina lako kama mwenye shamba au aliyekipata. Piga picha ya hati hiyo pamoja na vitu. Usione haya kuomba. Ofisa anayejua kazi yake atafurahi, kwa sababu hata kumbukumbu zao zinahitaji jina la mahali na la mtu.

Ukitaka jina la kijiji chako litajwe kitu kitakapoonyeshwa, au shule ya karibu iruhusiwe kuja kukiona, andika ombi hilo siku hiyo. Sheria yetu haina mgao wa zawadi kama wa Uingereza, kwa hiyo anayekuahidi fungu la pesa "kutoka serikalini" anakudanganya.

## Hatua ya 7: Wataalamu wakija

Kabla ya kumfungulia mtu lango, mwombe kitambulisho cha kazi. Akisema amekuja kuchimbua, mwombe leseni ya uchimbuaji, na kama ni mtafiti, kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti. Mtu wa kweli hubeba nakala. Asiye nazo mrudishe kwa heshima, kisha uwapigie Makavazi.

Usishangae wakifanya kazi polepole. Kule pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, mifupa ya mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita, ilikuwa imelainika kiasi kwamba haikuvumilia kuguswa. Watafiti waliufunga udongo wote kwa plasta, wakautoa kama bonge moja, na kazi ya kuusafisha ikafanyiwa maabarani. Wangekuwa na haraka, lile kaburi lingekuwa unga.

Hofu kubwa ya wenye mashamba ni hii: "Watanichukulia ardhi." Mara nyingi wataalamu hurekodi, huchukua vitu, na kukuruhusu uendelee. Ikiwa mahali ni pa thamani kubwa, Waziri anaweza kupatangaza kuwa mnara wa kihistoria au eneo lililohifadhiwa kupitia Gazeti rasmi la serikali, na mwenye ardhi ana nafasi ya kupinga kwa maandishi. Na ikiwa serikali itataka kuitwaa ardhi yenyewe, Ibara ya 40 ya Katiba inataka ulipwe fidia ya haki, kwa haraka. Mambo yakifika hapo, tafuta wakili. Barua yako yenye muhuri itakuwa karatasi ya kwanza atakayoiomba.

## Hatua ya 8: Kurudi kazini

Usiendelee na shimo lile mpaka uambiwe, na uambiwe kwa maandishi. Kazi nyingine zilizo mbali na pale, kama kuezeka au kupanda upande wa pili wa shamba, hazina sababu ya kusimama. Mara nyingi kusogeza choo mita chache humaliza tatizo lote.

## Ukitaka kutafuta kwa makusudi

Jibu fupi: usianze peke yako. Leseni ya kutafuta vitu vya kale hutolewa na Waziri baada ya kushauriana na Makavazi, na imekusudiwa watu wenye ujuzi na uwezo wa kuifanya kazi kisayansi. Ukiamini shambani mwako kuna magofu au makaburi ya kale, waandikie Makavazi au idara ya akiolojia ya chuo kikuu, uwaalike. Hilo unaruhusiwa wakati wowote, na hakuna leseni unayohitaji kwa kuandika barua.

## Vitu vya urithi vilivyomo nyumbani

Sheria hii haiishii kwenye vilivyozikwa. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Mlango wa babu yako pale Lamu utaendelea kuwafungulia wageni, lakini usiung'oe na kuuuza bila kibali.

Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka waliofariki, navyo vimeibwa kwa wingi na kuishia ng'ambo, vingine vikiwa na miaka michache tu tangu kusimikwa. Kigango kimesimikwa kwa ajili ya marehemu. Ukikikuta kwenye shamba ulilonunua, usikiguse. Waite wazee wa ukoo na Makavazi.

## Dalali akikupigia

Atakupigia, hasa kama picha zilishavuja. Atataja mamilioni, kisha ataomba "ada ya kupima" au "pesa ya kibali". Hakuna kibali kinacholipwa kwa simu ya dalali. Kuuza au kupeleka nje kitu cha kale bila idhini ni kosa lako na lake, ila yeye mara nyingi hutoweka na namba ikazimwa. Hifadhi ujumbe wake, usimwelekeze nyumbani, umpe ofisa wa Makavazi au polisi namba hiyo.

## Faili la mwisho

Picha zilizochapishwa, ukurasa wa daftari, barua yenye muhuri, hati ya kukabidhi na barua ya kuruhusiwa kuendelea: vyote vitie kwenye bahasha moja, uiweke pamoja na hati ya shamba. Siku utakapowagawia watoto au kumuuzia mtu mwingine, bahasha iende na shamba, ili atakayechimba baadaye ajue ni upande gani wa mwembe hapaswi kuweka sururu.